Kipande cha Shingo Yangu Mezani kwa Wakwe

Aibu hii nimeificha miaka mingi, lakini leo acheni niitoe, mnicheke mmalize.

Nilikuwa mwalimu kijana kule Kebirigo, shingoni nina uvimbe niliouficha kwa skafu hata kwenye jua la saa saba (wanafunzi waliniita Baridi). Daktari alikuwa amekata kipande, akakipima kwa hadubini asione kitu, akaniambia huenda ni saratani, huenda ni kifua kikuu cha tezi, ila Nairobi kuna maabara ya utafiti yenye kipimo kipya kinachotambua chembe za urithi za vijidudu hata vikiwa vichache mno. "Kipeleke mwenyewe, na barafu isiyeyuke." Nikakitia kichupa chenye kile kipande ndani ya thamosi, nikaijaza barafu, huyoo safarini.

Sasa, njiani kuna Keroka, ndiko kwa wazazi wa mchumba wangu Kemunto, nami nikajiambia nipite dakika tano tu nisalimie, wasije wakasikia nimewaruka wakasema nina dharau. Nikaiweka thamosi mezani (mezani, jamani!). Mgeni akija na thamosi, nani hatadhani ni chai? Mama Kemunto, ambaye kwa desturi yetu hata mkono wa salamu simpi, akashukuru, akafungua, akamimina: maji baridi, barafu, kisha kichupa chubwi ndani ya kikombe cha mzee, jina langu limeandikwa kwa wino mzito.

"Mwalimu, hii ni nini?" mzee akauliza.

"Ni... ni shingo yangu, baba."

Nikajaribu kueleza, skafu ikafunguka, uvimbe ukaonekana, nikajua mchumba ndiyo basi na kipimo kimeharibika, na kama ni saratani sitajua mapema. Niliogopa kweli, nikalia mbele ya wakwe, mwanamume mzima na ndevu zangu. Mama Kemunto akakiokota kichupa kwa mkono wake, akaona kifuniko kimekaza, akamgeukia mumewe.

"Wewe unashangaa nini? Kimbia kwa duka la yule Mhindi, barafu iko kwa friji ya soda!"

Na mzee wangu wa heshima akakimbia, kofia mkononi.

Kichupa kikafika Nairobi na barafu mpya, na majibu yakaja baada ya wiki kadhaa: kifua kikuu cha tezi, si saratani. Nilimeza dawa miezi mingi, nikapona kabisa. Siku ya mahari Mama Kemunto akawaambia wageni, "Huyu mkwe tunamjua mpaka ndani," nyumba nzima ikaangua kicheko, nami nikaapa kwamba nikiugua tena, hata mafua, wakwe nitawaambia mapema kwa mdomo wangu.