Ubao Uliolazwa Barabarani

Kwenye paja la kulia la Wehilani Kahananui kuna kovu lenye urefu wa kisu cha samaki. Alilipata akiwa na miaka kumi na minne, siku wimbi lilipomvingirisha na pezi la ubao wa baba yake wa kuteleza mawimbini likampasua mpaka mfupa ukaonekana. Baba alimbeba hadi mchangani, akamfunga jeraha kwa shati lake mwenyewe, kisha akamzaba kofi.

"Hilo la kukukumbusha," alisema. "Bahari haina samahani, na mimi sina."

Wehi hakulia. Watoto wa Makaha, kijiji chao cha pwani, hawakulelewa kulia. Walilelewa kupiga, kupigwa, na kukaa kimya baada ya yote mawili.

Sasa ana miaka hamsini na minane. Nusu ya maisha yake amepika wali na kuku katika jiko la shule, na nusu nyingine ameitumia uani kwake, penye kichanja cha kuhifadhia mbao za mawimbi. Baba yake ndiye aliyekijenga, kwa mabomba ya chuma yaliyokuwa yakipeleka maji kwenye mashamba ya miwa. Aliyakata, akayaunga kwa moto, akayaviringishia mazulia makuukuu ili mbao zisichubuke. Kina nafasi ishirini na mbili. Zile mbao kubwa, ambazo mtu husimama juu yake na kupiga kasia, zina urefu wa mita tatu na zaidi. Haziingii sebuleni mwa mtu wala ndani ya gari dogo. Basi hulala pale ubavu kwa ubavu, na kila mwenye ubao anajua nafasi yake kama anavyojua upande wake wa kitanda.

Kuwa na nafasi kwenye kichanja kile si suala la kupata pa kuwekea ubao tu. Ni kuwa mtu wa maji yale. Na kuondolewa kuna desturi yake: ubao hushushwa, hupelekwa barabarani, hulazwa kifudifudi, mapezi juu, kama samaki aliyekufa. Hapo hakuna anayeuliza. Mwenye ubao haingii tena kwenye mawimbi ya Makaha, na akiingia hakuna atakayemgeukia akizama. Baba yake Wehi alilifanya hilo mara moja tu, kwa mdogo wake wa tumbo moja, aliyemwacha mwenzake kwenye mwamba ili awahi wimbi. Ndugu wale hawakusemezana tena mpaka wakazikwa.

Keahi, mkwe wa Wehi, alipata nafasi yake kwa ngumi. Miaka tisa iliyopita mgeni mmoja kutoka bara aliwaingilia wazee kwenye wimbi lao, ubao wake ukamgonga mmoja wao, Anko Feleti, ubavuni na kumvunja mbavu mbili. Keahi alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, mabega kama milango. Alimngoja mgeni afike ufukweni, akampiga mpaka meno yakabaki mchangani kama vipande vya chaza. Mgeni alikuwa ameshaanguka, Keahi akaendelea. Watu walikuwa wakipiga makofi. Wehi naye alipiga. Jioni ile alisogeza ubao wa marehemu mume wake na kumpa Keahi nafasi ya pembeni yake, na binti yake Momi akatoka jikoni na sahani ya samaki mbichi waliokatwakatwa na vitunguu, akampa kwa mikono miwili. Wehi aliona jinsi walivyotazamana, akafurahi. Alidhani amepata mlinzi wa nyumba.

Mchuma janga hula na wa kwao. Mwaka wa pili wa ndoa Momi alianza kuvaa miwani myeusi siku za mvua. Mwaka wa nne alipoteza jino, akasema ni mfupa wa nguruwe. Siku moja alikuja, akakaa kwenye ngazi ya nyuma, akavua miwani. Wehi alilitazama lile jicho, akaendelea kupangusa mchanga kwenye pezi la mtu.

"Baba yako pia alikuwa na mkono mwepesi," alimwambia. "Wanaume wa huku ndivyo walivyo. Vumilia, atakua."

Momi alivaa miwani yake, akaenda zake. Maneno hayo Wehi ameyatafuna usiku mwingi, na hayajawahi kumezeka.

Januari ya mwaka huu bahari ilivimba siku tatu mfululizo. Siku ya tatu, saa sita mchana, mawimbi yalikuwa yakipasuka nje ya mwamba kwa kishindo kilichotikisa vioo vya madirisha. Njia nzima ilijaa watu na magari. Kila mwenye ubao alikuja kwa Anti Wehi kwanza, kwa maana mkono wake ndio uliojua mapezi. Chini ya ubao kuna matatu: mawili madogo ya pembeni, na kubwa la katikati linaloteleza ndani ya mfereji na kushikwa na skurubu moja, ndogo kama punje ya mahindi. Ukilisogeza mbele, ubao unageuka upesi. Ukilirudisha nyuma, unashika maji na kwenda moja kwa moja. Siku ya mawimbi madogo kosa ni kicheko. Siku kama ile, kosa ni jeneza.

Keahi alisimamisha gari lake kuukuu nje ya uzio, injini ikiunguruma. Aliingia akipiga mluzi, akaushusha ubao wake kutoka kwenye kichanja, akaulaza tumbo juu kwenye meza ya Wehi.

"Mama mkwe mrembo, nirudishie hilo pezi nyuma kabisa. Leo bahari imelewa."

Anko Feleti alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja, bakuli la wali juu ya tumbo. "We Keahi, yale mawimbi yatakunyoa ndevu bila sabuni."

"Anko, wewe kula tu. Hilo tumbo likiingia majini, maji yatafika mpaka Honolulu."

Watu walicheka. Wehi hakucheka. Alikuwa akitazama kupitia uzio, ndani ya gari, ambako Momi alikuwa amekaa wima kama mtu anayepigwa picha. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeviringishwa kwa taulo, na kutoka mwisho wa taulo vidole vilionekana, vyeusi, vimevimba.

"Momi ana nini mkononi?"

"Ameteleza bafuni," Keahi alisema. "Mama, binti yako angezaliwa samaki. Nchi kavu imemshinda."

Safari hii hata Feleti hakucheka. Alishusha macho kwenye bakuli lake, na wengine wakageukia bahari. Wote walijua. Walikuwa wamejua kwa miaka, kama alivyojua yeye.

"Nenda ukanywe maji," Wehi alimwambia Keahi. "Nitakuita."

Alibaki peke yake na ubao. Alifungua skurubu, akachomoa pezi la katikati, akalishika. Lilikuwa na ukubwa wa kiganja na vidole vyake, gumu, ukingo wake mkali. Alipuliza mchanga uliokuwa mferejini. Bisibisi ilikuwa mkono wa kulia.

Wazo lilikuja bila kubisha hodi. Mizunguko miwili. Akiacha skurubu mizunguko miwili kabla haijakaza, pezi litashika wimbi la kwanza na la pili, na kwenye la tatu, Keahi akiwa chini ya ukuta wa maji wenye urefu wa nyumba, litatoka. Ubao utazunguka kama sahani. Mwamba utamaliza kazi, na mwamba hautoi ushahidi. Hakuna atakayemuuliza mwanamke mzee juu ya skurubu. Alilirudisha pezi mferejini. Alizungusha bisibisi. Aliacha mizunguko miwili. Moyo wake ulikuwa umetulia, na utulivu ule ndio uliomtisha.

Kisha akaona litakalofuata. Watu mia kwenye mbao zao, wameketi duara baharini kumuaga, wakitupa maua. Feleti akisema kwa sauti ya kukatika kwamba kijana alikuwa simba. Momi mbele ya wote, mkono kwenye taulo, akimlilia shujaa. Bahari ingempa Keahi jina zuri ambalo asingeweza kuvuliwa tena, na mwanawe angekuwa mjane wa jina hilo maisha yake yote, akidhani makosa yalikuwa yake.

Hapana. Maua hapati.

Alilichomoa pezi, akalirudisha nyuma kabisa mahali pake, akakaza skurubu mpaka kiganja kikamuuma. Alitaka likae sawasawa. Kisha akauinua ubao kichwani, kilo kumi na mbili, akatoka nao getini.

Aliyeona kwanza alikuwa mwanamke mmoja aliyekuwa akila mkate kwenye boneti ya gari lake. Mkate ulisimama hewani. Wehi alifika katikati ya lami, akainama, akaulaza ubao kifudifudi. Mapezi matatu yakatazama juu. Gari lililokuwa likija likasimama. Jingine nyuma yake. Hakuna aliyepiga honi.

"Mama!" Keahi alikuja mbio, chupa ya maji mkononi, bado anatabasamu. "Unafanya nini? Huo ni wangu."

"Naujua."

Tabasamu lilimtoka polepole. Aliwatazama watu, akautazama ubao, akarudi kumtazama yeye. "Uokote."

"Kauokote mwenyewe. Lakini kwenye kichanja cha baba yangu haurudi."

"Nimekosa nini?" alipiga kelele, ili wote wasikie. "Semeni! Nani hapa nilimwacha majini? Anko Feleti, nilikuacha?"

"Taulo lile ndilo kosa lako," Wehi alisema. "Na jino. Na jicho. Nilikupa nafasi kwa sababu ya ngumi, na mwanangu nikamwacha azile ngumi hizo. Leo nafasi naichukua."

Ngumi ilikuja kabla hajafunga mdomo. Alisikia taya lake likilia kama ganda la nazi, akaiona lami ikimjia usoni. Keahi alimvuka na kuukamata ubao. Wehi alimshika mguu. Akapigwa teke la kifua. Hakuuachia. Akapigwa jingine, pumzi ikamtoka yote, na bado mikono yake, mikono ya sufuria za wali wa watoto mia tatu, ilikuwa imejifunga kwenye kifundo kile. Aliuma. Aliuma nyama ya shavu la mguu mpaka akaonja chumvi na chuma, na Keahi akapiga ukelele wa mtoto.

Ndipo Feleti alipoinuka. Alitembea, hakukimbia, na nyuma yake wakaja wanaume sita. Walimkamata Keahi mabega na shingo. Mmoja alikuwa ameshainua kasia.

"Msimpige!" Wehi alisema kutoka chini, damu ikimtiririka kidevuni. "Feleti, msimpige! Tumepiga vya kutosha sisi. Mwachieni atembee."

"Dada, ona uso wako."

"Nasema mwachieni atembee."

Injini ilinguruma. Wote waligeuka. Momi alikuwa amejisogeza kwenye kiti cha dereva, ambacho kwa magari ya huko kiko kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani. Wa kushoto ulivuka mwili wake mpaka upande wa gia, ukaiingiza kwa kelele ya meno ya chuma. Gari lilikuja polepole. Watu walipisha.

"Momi," Keahi alisema. Sauti yake ilikuwa laini ghafla, ile sauti ya asubuhi baada ya kila kipigo. "Mpenzi. Zima gari. Twende nyumbani."

Hakumtazama. Gurudumu la mbele lilipanda juu ya ubao, likasita, na ubao ukavunjika kwa mlio mkavu uliorudi kutoka kwenye ukuta wa nyumba. Gurudumu la nyuma likafuata. Povu jeupe la ndani lilitawanyika barabarani. Gari lilisimama mbele kidogo, mlango wa abiria ukafunguka.

"Mama, panda."

Feleti alimwinua Wehi kwa kwapa, akamweka kitini. Mlango ukafungwa.

"Siwezi gia," Momi alisema. "Huu mkono umekufa. Nikikanyaga klachi, nitakutajia gia, uingize wewe."

"Tunakwenda wapi kwanza? Hospitali?"

"Polisi. Hospitali baadaye. Nikitibiwa kwanza nitaogopa tena."

Wehi alitema damu dirishani. Alitaka kumwomba msamaha kwa yale ya kwenye ngazi, lakini taya halikumruhusu maneno mengi, na barabara ilikuwa mbele yao.

Momi alikanyaga. "Mbili."

Wehi akaisukuma gia. Ikaingia.

"Tatu," Momi alisema.