Anti Tegwen na Kazi Iliyokwisha Kila Machi

Kila Machi kazi ya Anti Tegwen ilikwisha, na kila Aprili, au Mei halmashauri ikichelewa, ilianza upya. Ndivyo alivyoishi miaka ishirini na zaidi katika mji wetu wa machimbo ya mawe ya kuezekea, kaskazini mwa Welisi, akiendesha klabu ya vijana katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa. Fedha zilikuja za mwaka mmoja, basi na mkataba wake ukawa wa mwaka mmoja. Zikichelewa, yeye alikwenda kutandika vitanda hotelini, na vijana wakarudi kukaa kwenye kituo cha basi, mvua ikiwapiga.

Niliingia klabuni nikiwa na miaka kumi na mitano, mwaka ambao vumbi la mawe lilikuwa linammaliza baba yangu kifuani. Sikutaka kuulizwa kitu. Anti Tegwen hakuniuliza. Alinipa kisu na karoti. Kanuni ya kazi yake ilikuwa hiyo: kijana anakuja kwa hiari yake, anaongea kwa hiari yake, na mtu mzima hamsemei. Nilimenya karoti karibu majira yote ya baridi kabla sijamwambia lolote. Namshukuru hadi leo kwa ukimya ule. Ndio ulionipeleka chuoni kusomea kazi hiyohiyo, na sasa nina meza katika ofisi ya vijana ya kaunti na mkataba usio na mwisho. Mara nyingi nimeitazama meza hiyo nikijiuliza kwa nini ni yangu na si yake.

Ndipo zikaja habari za chombo cha taifa cha kusaidia huduma za vijana. Kamati ya maandalizi ilizunguka nchi nzima kusikiliza, nami nikaomba ipite kwetu. Chombo kikiundwa vizuri, watu kama Anti Tegwen wangeajiriwa kwa miaka. Kikiundwa vibaya, fedha zingeishia miji mikubwa, na kwa klabu yetu Machi ijayo ingekuwa ya mwisho. Halmashauri ilikwisha kunidokeza hivyo. Anti naye alijua. Alikuwa na miaka hamsini na sita.

Kamati ilimtuma Bwana Pugh, mtu wa kusini, mwenye uso mwema, asiyejua neno la Kiwelisi. Alikuja na mkalimani na hedifoni zake, vijana waongee lugha yao. Lakini sisi tumelelewa vingine. Watu kumi wakiwa wanapiga soga kwa Kiwelisi, akaingia mmoja asiyeijua, wote wanahamia Kiingereza papo hapo. Kuendelea ni sawa na kula mbele ya mgeni bila kumkaribisha. Vijana walimtazama Bwana Pugh, wakahama. Mkalimani akabaki anachezea kalamu.

"Ni pazuri," alisema Gethin kwa Kiingereza, yeye ambaye siku nyingine huombwa anyamaze.

"Pazuri kivipi?"

"Pazuri tu. Pana joto."

"Na wewe, binti?"

"Pazuri," alisema Heledd, msichana wa kidato cha nne, akitazama viatu vyake.

Nilimfuata Anti Tegwen kwenye mlango wa jikoni. "Anti, waambie wewe. Hii ndiyo nafasi yetu."

"Niwasemee? Mimi kasuku wao?"

"Ni kazi yako inayokwenda!"

"Ndiyo. Na kazi yangu ni kutowasemea."

Akafuta mikono, akamwendea mgeni. "Bwana Pugh, unajua kumenya viazi?"

"Mke wangu anasema sijui."

"Basi leo utajua. Njoo na hivyo vitu vya masikioni." Akawageukia vijana kwa Kiwelisi. "Vifaranga wangu, huyu baba nakwenda naye jikoni. Atasikia kila neno kupitia kwa mkalimani, msije mkasema sikuwaambia. Ila hamtamwona, wala yeye hatawaona."

"Kwa hiyo tuongee na ukuta?" aliuliza Gethin.

"Ukuta si unaujua wewe? Ndio unaouegemea ukilala darasani."

Walicheka, mlango ukafungwa. Kisha Heledd akaanza, sasa kwa Kiwelisi, sauti ikiwa chini.

"Tangu nianze kuja hapa tumeshamuaga Anti mara nne. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nikaoka keki."

"Mbichi," alisema Gethin.

"Ulikula vipande vitatu, mlafi wewe! Mwaka huu nilimpa mkono wa kwaheri huku naangalia simu. Si kwamba simpendi. Mtu akikuaga kila mwaka, moyo unafunga duka."

Gethin alikwaruza meza kwa ukucha.

"Mwezi ambao hayupo ndio niliosimamishwa shule," alisema. "Sisemi angezuia. Nasema sikuwa na wa kumwambia."

Mlango ulifunguka. Bwana Pugh alisimama pale na aproni yenye maua, mkononi ana kiazi alichokimenya hadi kikabaki kama gololi.

"Samahani," alisema kwa Kiingereza. "Mwezi gani huo?"

"Aprili," Gethin alijibu kwa Kiwelisi, akaendelea kwa Kiwelisi hichohicho akimtazama usoni: jinsi alivyomficha mama yake jambo hilo, jinsi alivyoshinda kwenye kituo cha basi na begi la shule mgongoni. Bwana Pugh alishikilia hedifoni kwa mkono mmoja, akiitikia kwa kichwa. Hakuna aliyehamia Kiingereza tena hadi tulipoketi kula mchuzi wa nyama na viazi. Viazi vya mgeni vilitafutwa sufuriani visionekane.

Ninapoandika haya chombo bado hakijazaliwa. Kamati zina mwendo wake. Lakini rasimu iliyotoka majira ya baridi ilitaka mfanyakazi wa vijana asiajiriwe kwa chini ya miaka mitano, na halmashauri yetu, isiyopenda kuja kunyooshewa kidole, ikaamua kumpa Anti mkataba wa miaka hiyo hata kabla ya mwaka mpya wa fedha. Mwezi wa Februari nilimpelekea Anti habari mwenyewe. Alikaa kwenye ngazi ya ukumbi.

"Mitano?"

"Mitano, Anti."

"Nitakuwa kizee."

"Kizee mwenye kazi."

Alicheka, kisha akalia kidogo, nami nikakaa naye bila kumuuliza kitu. Tulipoingia ndani, Heledd alikuwa anabishana na wenzake kuhusu kupiga kambi kisiwani.

"Anti, kiangazi cha mwakani tunaweza kwenda?"

Miaka yote jibu lake kwa maswali kama hayo lilikuwa "tutaona". Alisimama kidogo, koti bado mwilini.

"Tutakwenda," alisema. "Na kila mtu aje na koti lake la mvua, sitaki vilio."

Gethin alikwisha kuanza kuuliza nani atalala hema moja na nani.