Bi Fyeka na nauli ya umeme

Umande haujakauka, na Bi Fyeka ameshalowa mpaka magotini. Anafyeka kichaka chini ya nguzo kubwa za chuma, zile zenye kibao cha fuvu la kichwa. Juu yake nyaya zinavuma kama nyuki waliochokozwa.

"Unasikia?" anauliza, panga begani. "Huo ndio umeme wangu unapita. Unaniona kabisa, salamu hautoi."

Jina amelipata kazini. Mwaka wa kumi na moja huu anasafisha njia ya nyaya ili miti isiziguse. Ni kibarua, na malipo yakichelewa, kama wakubwa wa umeme walivyozoea, anaishi kwa kuuza mayai na kulea vifaranga. Amewapa chumba cha binti yake aliyeolewa, na taa moja inawaka usiku kucha kuwapa joto. Taa ikizimika, asubuhi ni msiba.

Taa hiyo ndiyo iliyomwingiza katika mambo ya wakubwa. Bili yake ina mstari ulioandikwa "usafirishaji", nao unakula theluthi nzima ya hela. Lakini mitambo inayofua umeme iko hapo nyuma ya kilima. Akiita, mlinzi anaitika.

"Usafirishaji wa kutoka wapi kwenda wapi?" anahoji. "Pale hata kifaranga anafika kwa miguu!"

Wifi yake, dada wa mumewe, yuko mjini, mwisho kabisa wa nyaya. Ana saluni yenye mashine nne za kukaushia nywele. Naye hutozwa usafirishaji kwa kiwango kile kile kwa kila uniti. Bi Fyeka akaona hiyo ni dhuluma ya mchana kweupe.

Basi wakubwa wakaitisha mkutano wa kupokea maoni, maana wakubwa hupenda maoni kama paka apendavyo kuoga. Bi Fyeka alikaa mbele, mkono juu kabla mwenyekiti hajamaliza kukohoa.

"Anayeshuka karibu na anayeshuka mbali hawalipi nauli moja," aliwaambia. "Kila mtu alipie safari ya umeme wake!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Wifi, unaniua!" sauti ikatoka nyuma.

"Sikuui, wifi. Nakukatia tiketi tu."

Mhandisi wa wakubwa alifurahi mno. Hiyo ni dalili mbaya. Mkubwa akicheka, mnyonge ashike mfuko. Akatandaza ramani ukutani. Umeme wa nyaya kubwa, alieleza, ni mkali; ukiingia nyumbani vile ulivyo, nyumba ni majivu. Lazima kwanza uende mjini kwenye kituo cha kupoza, upunguzwe nguvu, ndipo urudi kwa nyaya ndogo. Kidole chake kikatoka kilimani, kikaenda mjini, kikageuka, kikarudi mpaka mlangoni kwa Bi Fyeka.

"Kwa hiyo, mama, umeme wako ndio wenye safari ndefu kuliko wote. Kwenda na kurudi."

Makofi yakafia mikononi. Wifi alicheka mpaka wigi likamfunika macho. Kituo cha kupoza kimepakana ukuta na saluni yake.

"Nilikwenda na hoja, nikarudi na hasara," anasema Bi Fyeka. "Wenyewe wameiita 'pendekezo la mama wa mbele'. Likipita, vifaranga wangu watalala gizani kwa mdomo wangu mwenyewe."

Lakini nani aliyepanga umeme uwapite watu juu ya vichwa, ukapozwe kwa wenye saluni? Si kifaranga. Ni wale wale wanaokuja msibani kwa magari marefu, wakaacha ahadi kaburini, wasionekane tena.

Sasa anataka kituo kidogo cha kupoza kijengwe hapa hapa chini ya kilima, safari ikatike. Majirani wamemuunga mkono. Hata wifi amempigia simu: "Pambana, wifi yangu. Wakikuzidishia nauli, mayai ya bei ya wifi nitayapata wapi?"

Mwezi ujao wakubwa watakuja kukagua kiwanja. Gari halifiki kiwanjani, watatembea. Bi Fyeka amewafyekea njia nzima, safi kama zulia, isipokuwa kipande cha mwisho. Pale kuna upupu mpaka kiunoni.

"Huo nimeuacha," anasema, akilinoa panga taratibu. "Kila mtu alipie safari yake."