Sufuria ya Shamba la Pamoja

Nimechoka kuulizwa habari za sufuria ile, basi acha niseme mwenyewe. Mimi ni fundi wa Itetemia, mtoto wa mfua majembe. Baba alinifunza kwamba jembe likitoka motoni huzamishwa majini ili liwe gumu.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa na sufuria moja kubwa ya alumini, ikang'oka kishikio. Nikakichomea kwa gesi, kisha nikaizamisha yote kwenye pipa la maji. Mama Zuhura, mkuu wa jiko, akakwaruza kando ya kiungo kwa kisu.

"Fundi, mbona hapa pamelainika?"

"Mama, kazi hii nimezaliwa nayo," nikamjibu mbele za watu.

Siku ya mavuno wanawake wawili waliinua sufuria imejaa wali wa kijiji kizima. Kiungo changu hakikuachia. Alumini ya kando yake ndiyo iliyojikunja taratibu kama chapati, na wali wote ukamwagika mchangani. Kumbe moto huilegeza alumini, na maji hayairudishii ugumu.

Wavunaji walisimama na sahani tupu. Mama Zuhura akanigeukia, kwa upole kabisa.

"Fundi, majembe ya marehemu baba yako yalikuwa ya alumini?"