Midomo ya Nahodha

Iko siku moja hainitoki akilini, mwanangu, na jana umenikumbusha kwa nguvu. Ulinijia na kompyuta yako, furaha imekujaa, ukaniambia, "Shangazi, siku hizi tunaweza kuinyoosha sauti ya Nahodha. Kila L na kila R ikae panapostahili." Nikakwambia nenda, urudi kesho. Nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hafundishi. Haya, keti.

Wakati huo nilikuwa kijana kama wewe, nachora katuni huku Old Kampala, chumba cha juu ya duka la Bi Halima. Mjukuu wake, Swaleh, ndiye aliyekuwa mwongozaji wetu. Tulichukua ile hadithi ya zamani ya hazina iliyofukiwa kisiwani, sote tulisomewa shuleni, tukaitoa ng'ambo tukaileta Ziwa Nyanza. Visiwa si tunavyo?

Sauti ya Nahodha wa katuni hiyo ilikuwa ya Ssalongo. Waganda humwita hivyo baba wa mapacha, kwa heshima. Alikuwa askari mstaafu wa Mengo, Kiswahili chake alikipata kambini. Sauti hiyo, mwanangu, weee! Akikohoa tu unajikuta umesimama wima. Ila ulimi ulikuwa wa Kiganda: rudi ikawa ludi, meli ikawa meri, bahari ikawa bahali. Wajukuu zake walikuwa wamekwisha kutangaza mtaa mzima kwamba Nahodha ni jjajja wao, babu yao wenyewe.

Kazi yangu mimi ilikuwa midomo. Kila sauti ina mdomo wake: M hufumba, A hufumbua, kwenye L unauona ulimi umegusa nyuma ya meno. Mchoraji husikiliza sauti kwanza, ndipo achore. Mimi nikachukua maandishi ya Swaleh, nikachora kama yalivyoandikwa. Haraka haraka haina baraka, tunaiimba tangu utotoni, na nani anaisikia?

Ikabaki siku moja wageni wa televisheni waje kutoka pwani. Alasiri tukaunganisha picha na sauti, na Ssalongo naye amekuja kutazama. Tukafika penye tufani. Nahodha anasimama, mawimbi yanapanda, anapaza sauti: "Ludini! Ludini kwenye meri! Bahali imechafuka!" Na mdomo niliouchora unasema yake: rudini, meli, bahari.

Wenzangu wakaangua kicheko. Swaleh akairudisha. Akairudisha tena. Kila "bahali" kicheko kikapanda, na mzee wa watu yuko palepale, anatabasamu kidogo, hajui aangalie wapi. Nilitamani sakafu inimeze.

Swaleh akazima. "Mzee, utanisamehe. Wageni hawa watatucheka. Nimempata kijana wa Mombasa, anakuja leo kuyasema maneno yako upya."

"Kale," Ssalongo akasema, ndiyo "sawa" ya Kiganda. "Kama sauti yangu ni mubaya, mimi naenda." Akachukua kofia yake.

Bi Halima alikuwa mlangoni na sinia la chai. Alikuwa amesikia yote.

"Swaleh, huyu Nahodha wenu ni mwenyeji wa wapi?"

"Wa ziwani hapa, Bibi."

"Na wewe ulitaka aseme kama mtu wa Lamu?"

"Bibi, watu watasema hatujui Kiswahili."

"Babu yako aliingia mji huu hajui hata kusalimu. Kiganda chake kiliwavunja watu mbavu mpaka anakufa, na hakuna aliyemfukuza. Leo wewe umepata mlango wako, ndio unamwonyesha mtu?"

Swaleh uso ukamwiva. Akanigeukia mimi. "Zuhura, midomo ni yako. Sauti na mdomo havipatani. Kosa liko wapi?"

Ewe mwanangu, usiombe kuulizwa swali hilo! Nikisema kosa ni la sauti, mzee anaondoka na mimi nimepona. Nikisema la mdomo, nichore tufani nzima upya, na Swaleh hakuwa mtu wa kumbakiza mzembe kazini. Ssalongo hakunitazama. Alikuwa anaizungusha kofia yake vidoleni, taratibu.

"Kosa ni langu," nikasema. "Nilichora karatasi, sikumsikiliza mtu."

Nikaanza kutafuta mkoba wangu kwa macho. Kisha Swaleh akauliza, "Utamaliza kabla hawajafika?" Nikasema inshallah.

Ssalongo akatundika kofia msumarini, akavuta kiti mpaka mezani kwangu. "Tazama ulimi, muwala wange," akasema, yaani binti yangu. Akarudia maneno yale polepole, ludini, ludini, mpaka sauti ikamkauka, nami nachora. Kijana wa Mombasa alipofika, Bi Halima alimpa chai na nauli ya kurudi.

Kesho yake wageni wakaketi. Tufani ikafika. Hakucheka hata mmoja. Mama mmoja alikishika kiti kwa mikono miwili.

Baadaye watoto wa Mengo waliucheza mchezo ule barabarani, kila mmoja akigombea kuwa Nahodha. Ssalongo sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Wajukuu zake hawana sauti yake nyingine yoyote ila hiyo. Hiyo ndiyo unayotaka kuinyoosha.

Sikukatazi kompyuta, mwanangu. Mimi mwenyewe naipenda. Nakukataza kumsahihisha mtu kabla hujamsikiliza. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na usimpe wako ukadhani umemsaidia. Ukikosea, sema nimekosea mwenye kofia angali mlangoni, hajatoka. Na ukiona watu wanamcheka mtu, usingoje Bi Halima apande ngazi na chai. Si kila nyumba inaye.

Mungu akujalie sikio kabla ya kukujalia mkono. Akupe wakubwa wa kukukemea, na moyo wa kukemeka. Nenda salama. Na siku bahali ikichafuka, mwanangu, ludi.