Pikipiki Yangu Mdomoni mwa Duara

Jumatano jioni shemeji yangu Masanja alifika kwetu Kambarage kutoka machimbo ya Runzewe, akala ugali wangu, akanawa mikono, kisha akatoa mfukoni zawadi ya mtoto. Ilikuwa saa ya mwendo ya pikipiki, kioo kimepasuka, mshale umelala kwenye sifuri.

"Mpe Neema achezee," akasema.

Niliijua saa ile kabla haijafika mkononi mwangu. Ilikuwa ya pikipiki yangu, ambayo alikuja kuichukua kabla ya mvua, eti anaipeleka kwa fundi.

"Na yenyewe iko wapi?"

"Ipo kazini, shemeji."

Mume wangu akacheka. Na mimi hapo nikachoka. Asubuhi nilimfunga Neema mgongoni, nikaenda stendi bila kumuaga mtu.

Ngoja niwaambie ni pikipiki gani, msije mkadhani nilikimbilia mkweche. Ni ya Kiingereza, ya mbio, silinda moja kubwa kama kopo la maziwa ya unga, na tangi lenye nyota ubavuni. Zamani ilikuwa ya kijana wa Mzee Kanji wa duka la vitambaa. Ikipita Jumapili, kuku wa mtaa mzima walikuwa juu ya mapaa. Familia ile ilipohama, baba yangu, fundi wa mitambo ya pamba, akaichukua. Hakujaliwa mtoto wa kiume, akanifundisha mimi. Kabla hajafa aliwaita majirani akatamka mbele yao: hii ni ya binti yangu. Mume wangu alikuwepo, tena amekaa kiti cha mbele.

Alhamisi mchana, Kahama. Vumbi lilikuwa limetupaka wote rangi moja. Kondakta akaniuliza, "Dada, mzee anakusubiri machimboni?"

"Inanisubiri pikipiki yangu."

"Ya mumeo."

"Nimesema yangu. Una masikio ya kuning'iniza hereni tu?"

Basi zima likacheka, lakini najua walikuwa wananicheka mimi.

Jioni tukaingia Runzewe. Mama Zuhura, anayepika wali pale stendi, aliona mtoto amechoka akatupatia mkeka ndani kwake. Nilipomtaja Masanja, akaweka mwiko chini.

"Yule mwenye pikipiki inayovuta mawe?"

"Inavuta nini?"

"Utaiona kesho. Ila mwanangu, kule duarani, kwenye shimo la dhahabu, mwanamke hafiki. Mimi mwenyewe chapati nawauzia kwenye kamba ya mpaka, napokea hela, narudi. Wanasema ukikanyaga, dhahabu inakimbia."

Ijumaa asubuhi niliiona. Afadhali ningeikuta imeungua. Walikuwa wameifunga kwa nyaya kwenye magogo, mdomoni mwa lile shimo wanaloliita duara. Tairi la nyuma limeng'olewa, na kwenye rimu tupu wamezungusha kamba ya katani. Injini ikiunguruma, rimu inazunguka na kupandisha viroba vya mawe kutoka chini. Mashine iliyozaliwa kukimbia, wameigeuza punda wa kisimani! Baba aliipangusa kila Jumamosi kwa fulana yake mwenyewe.

Nilisimama kwenye kamba ya mpaka nikamwita mwenye duara, Mzee Shija. "Shikamoo. Nimekuja kuchukua mali yangu."

"Marahaba, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma. "Mali yako? Hii ni ya kaka yake Masanja. Alikuja hapa mwenyewe, akaiona inafanya kazi, akafurahi. Mgao wake wa mawe anapata."

Mume wangu alikuja huku! Mimi aliniaga kuwa anakwenda Maswa kutazama pamba, nikamfungia na viazi vya njiani.

"Mwambie mumeo aje, tutaongea wanaume," akasema Shija.

Nikavuka kamba.

"Mayu! Mayu, rudi!" Watu waliacha sururu. Nikaenda hadi kwenye kiroba cha mawe karibu na shimo, nikakaa, nikamtoa Neema mgongoni, nikamnyonyesha.

"Je, kama yuko kwenye siku zake?" mmoja akanong'ona.

"Si umuulize."

"Muulize wewe, mimi nina mama."

Nikawajibu wote. "Msijisumbue kuuliza. Nitakaa hapa mpaka mwezi uishe. Siku zikija zitanikuta hapahapa."

Sijawahi kuona wanaume wakikata nyaya haraka namna ile. Tairi lililokuwa limepotea likapatikana chini ya turubai. Pikipiki ikasukumwa hadi nje ya kamba, nami nikaifuata.

Lakini Shija hakutaka kushindwa mbele ya watu wake. "Kama ni yako, iwashe." Wakacheka, maana wao waliiwasha kwa watu sita kuvuta kamba. Mmoja alikuwa na kifundo cha mguu kilichovimba. Alijaribu teke, ikamrudishia.

Nikamkabidhi Shija mtoto. Nikabonyeza kabureta mpaka petroli ikadondoka, nikachelewesha moto wa plagi kwa liva ya kushoto, nikakanyaga kiki polepole hadi pale inapokuwa ngumu, nikaipitisha kidogo tu. Baba alikuwa akisema, "Usiipige kwa hasira." Nikavuta pumzi. Teke moja. Ikaitika! Neema akalia mikononi mwa Shija, na hakuna aliyecheka tena.

Jumamosi nilirudi juu ya lori la mahindi, pikipiki imelazwa pembeni yangu, rimu imepinda. Njia nzima niliwaza jambo moja: watu nisiowajua waliogopa zaidi kule kukaa kwangu tu kuliko mume wangu anavyoogopa kelele zangu. Basi, kelele zimekwisha.

Jumatatu nilikwenda baraza la kata. Karani akaandika jina la Masanja, nikamwambia afute.

"Huyo wa pili. Wa kwanza ni mume wangu."

"Mama Neema, hayo ni ya ndani. Nendeni mkazungumze."

"Ya ndani aliyatoa nje mwenyewe, akiwa na viazi vyangu. Andika."

Akaandika, nami nikasaini:

"Mimi, mkazi wa Kambarage, nalalamika kwamba mume wangu alitoa pikipiki niliyopewa na baba yangu mbele ya mashahidi, bila kuniuliza, na ndugu yake akaiharibu. Naomba watamke mbele ya majirani walewale kwamba ni yangu, na wanyooshe rimu. Saa ya mwendo nimeileta kama ushahidi. Mtoto haichezei."