Kidole cha Matroni

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni mbishi hakuna mfano. Ni fundi wa kompyuta katika hospitali ninakogawa dawa. Tunamwita Kufuli, maana kazi yake ni kuhakikisha kila kompyuta ina cheti cha usalama, kile kinachoiwezesha kujua kwamba inazungumza na mashine ya maabara yenyewe, si tapeli.

Alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Mkurugenzi alikuwa na ripoti kwamba vyeti vimeshawekwa kote, akamtaka athibitishe. Kufuli akagoma mpaka akae mbele ya kila kompyuta. Akaambiwa ikifika jioni hajathibitisha, atafute kazi kwingine. Mke wangu akamsihi akubali yaishe. Wapi!

Akazunguka wodi kwa wodi, akitazama skrini na mikono ya watu pia. Kwa matroni wa wodi ya wazazi, majibu ya damu yalifunguka vizuri, ila kidole chake kilishabofya kitu kikapotea. Kufuli akamwomba arudie polepole. Likatokea onyo: mashine hii haitambuliki. Matroni akaeleza kwamba hilo wanalibofya kila siku, linaondoka zake. Kumbe cheti kilikuwapo, lakini kiliwekwa kwenye akaunti ya nesi aliyekwishahama, hakikumfaa mwingine yeyote.

Akakiweka upya kimfae kila anayetumia kompyuta ile, onyo likakoma.

"Mama, likirudi usiguse kitu," akamwambia matroni. "Niite."

Jioni, kompyuta zote amezikagua, akathibitisha, mkurugenzi bado kanuna.

Wiki iliyofuata onyo likarudi. Zamani matroni angelibofya bila kulisoma. Safari hii aliinua mikono, akawakataza manesi wote, akampigia simu Kufuli. Mtu alikuwa amechomeka mashine yake kwenye mtandao wetu, ikajifanya ya maabara ili ivune nywila za watu. Kufuli akaifuata waya kwa waya mpaka akaing'oa. Haikuambulia hata nywila moja.

Mkurugenzi akaja wodini anahema, akauliza nani amewafundisha manesi kutobofya onyo likitokea. Matroni hakumumunya maneno.

"Huyu uliyetaka kumfukuza."

Mkurugenzi akatazama sakafu, kisha akamwambia Kufuli kwamba majaribio yamekwisha, kazi ni yake. Mimi nilikuwa mlangoni na boksi la dawa. Furaha ilinizidi, nikashangilia mpaka wazazi vitandani wakapiga makofi, bila hata kujua wanampigia nani.